Mwili wa Maandishi na Vazi Lake

Katika nchi ya Wagusii, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Kisii, yako machimbo ya mawe ya Tabaka. Jiwe la huko ni laini, na sifa zake zimefika mbali. Mchongaji hulitwaa lingali na unyevu, akalikata kwa panga na kulichonga kwa kisu hata likawa kiboko, sahani, au sanamu ya watu waliokumbatiana. Kisha kazi huingia katika mikono mingine, mara nyingi mikono ya wanawake, ambao hulisugua jiwe kwa msasa na maji mpaka likawa nyororo. Mwisho hupakwa rangi au nta. Atakaye sahani nyekundu hupewa nyekundu, na atakaye nyeusi hupewa nyeusi, lakini sahani ni ile ile. Hapana fundi mwenye akili atarajiaye rangi ifanye kazi ya kisu.

Nimeanza na habari ya mawe kwa sababu maandishi nayo yana mwili na yana vazi. Mwili wa maandishi ni mpango wake: kichwa, sura, kifungu, aya, orodha, jedwali. Vazi lake ni yale yanayoonekana kwa macho: unene wa herufi, ukubwa wake, rangi yake, upana wa pambizo, na nafasi iliyoachwa kati ya mstari na mstari. Kwa muda mrefu watu walivichanganya vitu hivi viwili, na hasara yake ilikuwa kubwa. Insha hii yaeleza jinsi walivyojifunza kuvitenga, shida iliyowapata walipotaka vyombo vya kuandikia vionyeshe vyote viwili kwa pamoja, na namna jambo hilo linavyotuhusu sisi tukaao Kisii na Nyamira.

Huenda mwanafunzi akauliza: jambo la herufi nene na pambizo lina uzito gani hata liitwe historia? Na atazame mji wa Keroka. Mji huu umekaa mpakani. Upande mmoja ni Kaunti ya Kisii, upande wa pili ni Kaunti ya Nyamira, na mabishano juu ya nani akusanye ushuru wake yamesikika zaidi ya mara moja tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Mchuuzi wa ndizi apangaye mafungu yake sokoni hapo yampasa kujua ni sheria ya kaunti gani imfungayo, ada yake ni kiasi gani, na imetajwa katika kifungu gani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 210, inasema kwamba hapana kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa sheria. Ibara ya 199 inasema kwamba sheria ya kaunti haitumiki mpaka itangazwe katika Gazeti Rasmi. Basi haki ya mchuuzi yule imo ndani ya maandishi. Maandishi yakiwa hayapatikani, au yakipatikana lakini hayapekuliki, mchuuzi hana la kumjibu askari wa soko ila kulipa anachoambiwa.

Na turudi nyuma kidogo. Kabla ya kuja kompyuta, kazi ya kutengeneza kitabu iligawanywa kwa watu wengi. Wamisionari wa Kiadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baadaye wakaweka huko mtambo wa chapa uliosambaza vitabu katika sehemu nyingi za Nyanza. Katika kiwanda cha namna hiyo mwandishi alileta karatasi zake, mhariri akazisoma na kalamu mkononi, naye akatia alama pambizoni: neno hili liwe nene, mstari huu usogezwe ndani, kichwa hiki kiwe katikati. Mpanga chapa alizifuata alama hizo akipanga herufi za risasi moja moja. Alama hizo zilikuwa amri za vazi. Hazikumwambia mpanga chapa kwamba maneno haya ni kichwa cha sura; zilimwambia tu kwamba yawe makubwa.

Hata hivyo watu wa zamani walijua pia alama za namna ya pili, zitajazo mwili. Mfano ulio karibu nasi ni Biblia. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo hunasibishwa na Stephen Langton wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 13, na mchapaji Mfaransa Robert Estienne alitia hesabu za aya katika Agano Jipya mwaka 1551. Biblia nzima ya Ekegusii ilitoka mwaka 1988. Biblia ya mimbarani yaweza kuwa na herufi kubwa kama punje za mahindi, na ya mfukoni ikawa na herufi kama punje za wimbi. Lakini mhubiri akitaja sura na aya, bibi wa Nyamira na mjukuu wake aliye Nairobi watafungua mahali pamoja. Ukurasa hubadilika kwa kila chapa, sura na aya hazibadiliki. Hiyo ndiyo faida ya kuutaja mwili kwa jina lake.

Kompyuta zilipoanza kutumiwa kupanga chapa, kosa la zamani liliingia nazo. Kila mtambo ulikuwa na amri zake za vazi, na maandishi yaliyotiwa amri za mtambo mmoja hayakufaa kitu katika mtambo mwingine. Mnamo Septemba 1967, William Tunnicliffe, aliyekuwa kiongozi katika chama cha watu wa chapa cha Marekani, alisema mbele ya mkutano katika ofisi ya mpiga chapa wa serikali ya Canada kwamba yaliyomo katika maandishi yatengwe na umbo lake la nje. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, Charles Goldfarb, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuingia kampuni ya IBM, alishirikiana na Edward Mosher na Raymond Lorie katika kazi ya kuzisaidia ofisi za mawakili. Walitaka maandishi ya sheria yaweze kusahihishwa, kutafutwa na kuchapwa, lakini programu za kazi hizo tatu hazikuelewana, kwa kuwa kila moja ilikuwa na alama zake. Dawa waliyoitunga ilikuwa lugha ya alama iitwayo GML, na herufi hizo tatu ni herufi za kwanza za majina ya ukoo wao. Ilizaa lugha kubwa zaidi, SGML, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1986, nayo SGML ikamzaa XML, iliyotolewa tarehe 10 Februari 1998. Yafaa wanafunzi wakumbuke kwamba ukoo huu wote ulianzia katika haja ya sheria.

Namna yake ni rahisi kueleza. Kila sehemu ya maandishi huwekwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na alama hutaja sehemu ile ni nini. Kwa mfano:

<kichwa>Ada za Soko</kichwa>

Hapo hapakusemwa lolote juu ya unene wala rangi. Imesemwa tu kwamba maneno yale ni kichwa. Amri za vazi huandikwa mahali pengine, katika faili ya peke yake iitwayo laha ya mitindo. Laha husema: kila kichwa kiandikwe kwa herufi nene, na juu yake paachwe nafasi ya mstari mmoja. Sheria yenye vifungu mia huvikwa kwa amri chache, na mtu akichoka na vazi hili hubadili laha moja tu, wala hagusi neno hata moja la sheria yenyewe.

Lakini hapo ndipo ilipozuka shida ambayo wavumbuzi hawakuikomesha mara moja. Maandishi yaliyotiwa alama, yakitazamwa bila vazi, ni msitu wa mabano. Karani anayesahihisha sheria hawezi kuona kwa urahisi mahali neno lilipokosewa, kwa kuwa macho yake hupotea katika alama. Yeye ataka kuona ukurasa kama atakavyouona msomaji. Basi yalihitajika mambo mawili yanayovutana: kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihisha, kiuhifadhi mwili usiharibike, na papo hapo kimwonyeshe mwandishi vazi. Kihariri kinachoonyesha mwili mtupu humchosha mwandishi. Kihariri kinachoonyesha vazi tupu humfanya asahau mwili, naye hurudia kosa la kupaka rangi badala ya kuchonga.

Katika mji wa Grenoble, Ufaransa, Vincent Quint na Irène Vatton walitengeneza katika miaka ya 1980 kihariri kilichoitwa Grif. Humo kila aina ya maandishi ilikuwa na maelezo ya namna mbili: ya kwanza ya mpango wake, ya pili ya kuonekana kwake. Mwandishi aliona ukurasa uliovikwa, lakini kila alipoandika, programu ilijua kama yumo katika kichwa, katika aya, au katika orodha. Katika mji wa Toronto, Canada, kampuni ya SoftQuad ilitoa kihariri cha SGML kilichoitwa Author/Editor, nacho kilikuwa na faili zake za mitindo. Vyombo vilikuwa vyema, lakini kila kimoja kilikuwa na lugha yake ya vazi, na laha iliyoandikwa kwa ajili ya chombo kimoja haikusomeka katika kingine. Jeshi la Marekani, lililokuwa na shehena za vitabu vya maelekezo ya mitambo, lilijaribu kuweka kanuni yake ya mitindo. Na mwaka 1996 ilitoka kanuni ya kimataifa iitwayo DSSSL, yenye nguvu nyingi lakini ngumu, hata waliomudu kuitumia wakawa wachache.

Wakati huo huo mtandao wa tovuti ulikuwa ukikua. Tarehe 10 Oktoba 1994, kijana wa Norway, Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN mjini Geneva, alitoa pendekezo la lugha nyepesi ya mitindo. Alisaidiwa na Bert Bos wa Uholanzi, na mwezi Desemba 1996 lugha yao ikatolewa rasmi kwa jina la CSS. Ndani yake mlikuwa na wazo la ungwana: vazi lisiamriwe na mwandishi peke yake. Amri za mwandishi na matakwa ya msomaji hukutanishwa, na kanuni huamua ipi itangulie. Mzee mwenye macho dhaifu aweza kutaka herufi kubwa, akazipata, bila kumwomba mwandishi ruhusa.

Hapo vyombo vya kuhariri vikapata lugha moja ya vazi. Kihariri cha Amaya, kilichotoka mikononi mwa watu wale wale wa Grenoble, kilionyesha CSS tangu miaka yake ya kwanza. Mwaka 1999 SoftQuad ilitoa XMetaL, ambacho kilimwezesha mwandishi wa XML kuona maandishi yake yamevikwa kwa CSS huku akiyasahihisha. Baadaye kihariri cha oXygen, kitengenezwacho mjini Craiova, Romania, kikafuata njia hiyo hiyo.

Huenda mwanafunzi mwerevu akauliza kwa nini vihariri vilipenda CSS, hali ilikuwapo lugha nyingine yenye nguvu zaidi, XSLT, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1999. Jibu lake latufundisha jambo. CSS huvika, haisogezi mwili. Kichwa hukaa pale pale kilipoandikwa, hupewa tu unene na rangi. XSLT huugeuza mwili wenyewe: yaweza kuchukua vichwa vyote ikavipanga mwanzoni kuwa yaliyomo, ikahesabu vifungu, ikarudia jina moja mahali kumi. Kwa kuchapa kitabu, nguvu hiyo ni baraka. Lakini kwa kuhariri, ni mtihani. Mwandishi akifuta neno katika yale aliyoonyeshwa, kihariri hakina budi kujua neno lile lilitoka wapi katika faili ya asili. Na ikiwa lilirudiwa mahali kumi, je, alifuta lipi? Ni kama mtu atazamaye uso wake katika maji ya mto Gucha: uchafu auone majini, lakini mkono aupeleke usoni. Ndiyo maana waandishi wengi walitumia CSS katika kuhariri, na XSLT na ndugu zake katika kuchapa.

Desturi hiyo ilileta hatari yake. Laha ya kuhariri na laha ya kuchapa ni mavazi mawili, na mwandishi huona moja tu. Iliyo kubwa ni hatari ya hesabu. CSS yaweza kutia nambari za vifungu yenyewe, 1, 2, 3, pasipo nambari hizo kuwamo ndani ya maandishi. Inapendeza, kwa kuwa kifungu kipya kikiingizwa katikati, nambari zote hujirekebisha. Katika barua au mapishi hapana dhara. Lakini katika sheria dhara ni kubwa. Mahakama imekwisha kutaja kifungu cha 12. Leseni imekwisha kuandikwa chini ya kifungu cha 12. Nambari ikijigeuza ikawa 13, ushahidi wote umepinda. Tena mtu akinakili maneno kutoka katika tovuti, nambari iliyotiwa na vazi yaweza kubaki nyuma, akaondoka na sheria isiyo na nambari. Hapa twaona kwamba si rahisi kila mara kuamua kipi ni mwili na kipi ni vazi. Nambari ya ukurasa ni vazi. Nambari ya kifungu cha sheria ni mwili.

Jambo hili lilieleweka vizuri katika kazi iliyofanywa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, na hapa historia yetu yarudi nyumbani. Katikati ya miaka ya 2000, Umoja wa Mataifa uliendesha mpango wa kuyasaidia mabunge ya Afrika katika habari na mitambo, nao uliendeshwa kutoka Nairobi. Katika kazi hiyo ilitungwa lugha ya alama ya XML kwa ajili ya sheria, miswada na kumbukumbu za bunge. Wataalamu wake wakuu walikuwa Fabio Vitali na Monica Palmirani wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia. Iliitwa Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan ya Afrika Magharibi yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Pamoja nayo zilitengenezwa programu zilizopewa jina la Kiswahili, Bungeni, na humo mlikuwa na kihariri kilichojengwa juu ya programu ya kawaida ya kuandikia, ili karani wa bunge atie alama za mwili bila kuingia katika msitu wa mabano. Mwezi Agosti 2018 Akoma Ntoso ilikubaliwa na shirika la OASIS kuwa kanuni ya dunia. Mara nyingi twasikia kanuni zikitoka Ulaya kuja Afrika. Hii ilitungwa kwa haja ya Afrika, ikaenda kutumika kwingine.

Katika Akoma Ntoso nambari ya kifungu ina alama yake yenyewe, nayo huandikwa ndani ya maandishi. Laha ya mitindo yaweza kuinenepesha au kuipaka rangi, lakini haiwezi kuibuni wala kuipoteza. Kadhalika kila kifungu hupewa kitambulisho, hata mtu aweza kukielekeza kidole kifungu kimoja cha sheria moja, kama mhubiri aelekezavyo aya.

Nchini Kenya, kazi ya kutoa sheria kwa umma hufanywa na Baraza la Taifa la Kutoa Taarifa za Sheria, lijulikanalo zaidi kwa jina la Kenya Law, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwanafunzi akifungua Katiba katika tovuti yake, na atazame anwani iliyo juu ya ukurasa. Ataona humo herufi akn. Hizo ni Akoma Ntoso. Maandishi hayo hayakukusanywa kama picha za karatasi. Yamechongwa kifungu kwa kifungu, kisha yakavikwa.

Na sheria za kaunti je? Katika Jedwali la Kwanza la Katiba, Kisii ni kaunti ya 45 na Nyamira ni ya 46. Kila moja ina bunge lake, na Ibara ya 185 imelipa bunge hilo mamlaka ya kutunga sheria. Masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti. Kila mwaka hupitishwa sheria ya fedha, na nyuma ya sheria hiyo huja majedwali marefu ya ada: duka, kibanda, ng'ombe aliyeletwa mnadani, gari la mizigo. Majedwali hayo ndiyo sehemu imgusayo mwananchi, na ndiyo sehemu iumiayo zaidi vazi likichukuliwa kuwa mwili. Jedwali lililotengenezwa kwa kupigapiga nafasi ili safu zionekane zimelingana huvunjika mara faili ifunguliwapo katika mtambo mwingine. Kiasi cha duka kikaangukia kibandani. Na likipigwa picha likawekwa katika tovuti, jicho hulisoma, lakini mtambo hauwezi kulipekua. Lakini jedwali likitiwa alama za kweli, kwamba hii ni safu, hiki ni kichwa cha safu, na hiki ni kiasi, laha moja itaweza kulichapa kwa ajili ya Gazeti Rasmi, laha ya pili ikalionyesha katika simu ya mchuuzi, na laha ya tatu ikaweka ada ya Kisii na ada ya Nyamira bega kwa bega. Hapo mchuuzi wa Keroka ataweza kuonyesha kifungu chake.

Wako wengine wafaidio pia. Mwanafunzi asiyeona husoma kwa kusikiliza, kompyuta ikimtamkia. Herufi nene hazimwambii kitu. Lakini maneno yakiwa yametiwa alama ya kichwa, mtambo humwambia kwamba hiki ni kichwa, naye huweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kama mwenzake apitishavyo macho. Vivyo hivyo kwa lugha zetu. Wafasiri wa Biblia katika lugha nyingi za dunia hutumia programu ya Paratext, ambamo sura, aya na vichwa hutiwa alama fupi, na laha ya mitindo huamua vitakavyoonekana. Kwa njia hiyo tafsiri huwekwa bega kwa bega na maandishi ya asili, aya kwa aya. Sheria nayo yaweza kufanyiwa hivyo: kifungu cha Kiingereza, na kando yake kifungu cha Kiswahili, na kando yake cha Ekegusii, vyote vikiwa na nambari moja. Katiba, Ibara ya 7, imelitaka taifa kukuza lugha za wenyeji. Alama haziwezi kufasiri, lakini mfasiri akiisha kufanya kazi yake, zitaizuia isipotee.

Nisije nikaonekana kudai makubwa kupita kiasi, niseme wazi: alama hazigeuzi sheria mbaya kuwa njema, na vazi zuri halimfanyi mtoza ushuru kuwa mwaminifu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tena kuutia mwili alama ni kazi ya mtu anayesoma na kuelewa. Hapana budi ajue kama mstari huu ni kifungu kipya au ni maendeleo ya kifungu cha juu. Mtambo humsaidia, lakini uamuzi ni wake, na uamuzi mbaya utavikwa vizuri kama mwema.

Nami nikiri kosa langu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliandaa mtihani wenye kurasa sita, nikitengeneza vichwa kwa kunenepesha herufi na kupanga majibu kwa kupigapiga nafasi. Mbele yangu ulikuwa mzuri kuutazama. Nilipoupeleka kuchapwa kwa mtambo mwingine, nafasi zilihama, jibu la swali la nne likaenda kusimama chini ya swali la tano, na watoto arubaini wakasumbuka kwa uvivu wangu. Programu ile ile niliyoitumia ilikuwa na mitindo tayari: kichwa, orodha, jedwali. Sikuigusa, kwa sababu sikuona tofauti kwa macho.

Basi shauri langu kwa vijana ni dogo, na lafanyika leo katika kompyuta yoyote ya shule. Mnapoandika, msiulize kwanza maneno haya yataonekanaje. Ulizeni maneno haya ni nini. Yakiwa kichwa, yapeni mtindo wa kichwa. Yakiwa orodha, yaitwe orodha. Kisha tengenezeni vazi mpendavyo, na mlibadilishe mara kumi mkitaka. Baadhi yenu mtakuwa makarani wa mabunge ya kaunti hizi mbili, na baadhi mawakili, wachapaji na walimu. Maandishi mtakayoyaacha yatafunguliwa na watu ambao hawajazaliwa, katika mitambo ambayo haijabuniwa. Rangi watajipakia wenyewe, maana kila zama ina rangi zake. Kazi yenu ni kuwachongea jiwe.